UZI: Nimenakili mafaili yote matatu ya DOS kwenye disketi, bado haibuti. COPY ina kosa gani?

#1 Amri_Mpya
Wakuu salaam. Nimepata kompyuta ya zamani, 486 yenye memori MB 8. Diski kuu imekufa, haisikiki hata kukwaruza, ila draivu ya disketi ya inchi 3.5 inazunguka. Nataka kujifunza MS-DOS kwenye chuma chenyewe, siyo ndani ya kidirisha cha laptopu.

Nilichofanya: laptopu ina draivu ya disketi ya USB. Nimefomati disketi ya 1.44, nikanakili IO.SYS, MSDOS.SYS na COMMAND.COM za toleo la 6.22. Nimehakiki, yote matatu yamo na ukubwa uko sawa. Nikiipeleka kwenye 486 inaunguruma kidogo, kisha:

Non-System disk or disk error
Replace and press any key when ready

Mafaili ya mfumo yamo, mashine inasema hayamo. Nani muongo hapa?

#2 Pumba_na_Mchele
Umeambiwa ubonyeze kitufe chochote. Umeshakiona hicho "chochote" kwenye kibodi yako?

#3 Sekta_Sifuri
Hakuna muongo. BIOS, yaani programu ndogo iliyomo kwenye chipu ya mashine, haijui faili ni nini. Haijui IO.SYS, haijui folda, haijui FAT (jedwali linaloonyesha mafaili yamekaa wapi). Kazi yake ni moja: inasoma sekta ya kwanza kabisa ya disketi, baiti 512, inaiweka kwenye memori kwenye anwani 7C00 ya heksa (hesabu ya msingi wa 16), halafu inaruka humo na kuanza kutekeleza chochote ilichokikuta. Mengine yote ni kazi ya hizo baiti 512. Ndizo zinazotafuta IO.SYS na kuipakia, kisha IO.SYS ndiyo inayoleta MSDOS.SYS, inasoma CONFIG.SYS, inaita COMMAND.COM, na mwisho kabisa AUTOEXEC.BAT.

Sasa COPY huandika mafaili tu, sekta ya kubuti haigusi kamwe. Sekta iliyomo kwenye disketi yako ni ile iliyoachwa na aliyefomati, yaani laptopu yako, na hiyo haina habari na IO.SYS. Ndiyo maana ya FORMAT A: /S, au SYS A: kama disketi imeshafomatiwa. Hizo mbili huandika sekta na mafaili kwa pamoja.

#4 KimyaKimya
Au betri ya CMOS (kumbukumbu ndogo inayoshika mipangilio na saa) imekufa. Mashine za umri huo betri ikiisha inasahau kila kitu, pamoja na aina ya draivu A. Ingia kwenye setup uangalie, pengine imejiandikia 360 KB ya inchi 5.25.

#5 Sekta_Sifuri
@KimyaKimya betri yaweza kuwa imekufa kweli, ila siyo chanzo cha ujumbe huu. Huo ujumbe hautoki kwenye BIOS. Umeandikwa ndani ya disketi yenyewe, ndani ya hizo baiti 512. Kama ameusoma kwenye skrini maana yake draivu imezunguka, kichwa kimesoma, BIOS imepakia sekta na sekta imetekelezwa. Ujumbe wa kushindwa ndio ushahidi kwamba nusu ya safari ilifaulu.

#6 dada_kibodi
Miaka yote hii nilidhani ni kompyuta inayosema. Kumbe ni disketi.

#7 Mzee_wa_AUTOEXEC
Kijana Sekta kaeleza vizuri ila karuka jambo. Hata ukiwa na sekta sahihi ya DOS, COPY bado itakuangusha. Sekta ya 6.22 ni ndogo mno kuweza kupekua orodha nzima ya mafaili. Inaangalia nafasi mbili za kwanza tu katika saraka kuu: ya kwanza lazima iwe IO.SYS, ya pili MSDOS.SYS. Ikikuta kitu kingine inakata tamaa na kutoa ujumbe uleule. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na sekta nzuri, mafaili mazuri, na bado akashindwa kwa sababu ya mpangilio tu.

Zamani sisi tulikuwa tunafomati disketi mpya zote kwa /S hata kama ni za kuweka barua. Zilikula nafasi, lakini hukukosa pa kuanzia.

#8 Nukta_Mbili
Mzee, na pia yalitakiwa yakae sekta kwa sekta bila kukatika, siyo?

#9 Mzee_wa_AUTOEXEC
Matoleo ya mwanzo ndiyo. Baadaye walilegeza, ikabaki kipande cha mwanzo tu cha IO.SYS kiwe kimefuatana, nacho kinajivuta chenyewe kilichosalia. Ila nafasi ya kwanza na ya pili zilibaki sharti mpaka mwisho wa 6.22. DOS iliyokuja ndani ya Windows 95 ilibadilisha hesabu, kwa sababu humo IO.SYS na MSDOS.SYS viliunganishwa kuwa faili moja, na jina la MSDOS.SYS likapewa faili la maandishi la mipangilio.

Walio na PC DOS ya IBM wasichanganyikiwe, kule yanaitwa IBMBIO.COM na IBMDOS.COM.

#10 Amri_Mpya
Asanteni. Nawezaje kuona hiyo nafasi ya kwanza ina nini? DIR inaonyesha tu orodha, na sijui kama ndio mpangilio halisi.

#11 Sekta_Sifuri
DIR bila kupanga hufuata mpangilio halisi, ila inaficha yaliyofichwa. DIR /A inaonyesha yote. Lakini ukitaka kuona kwa macho, tumia DEBUG, programu ya DOS ya kuchungulia baiti. Tengeneza imeji (nakala kamili) ya disketi hiyo, ifungue ndani ya emuleta (programu inayoiga kompyuta) yenye DOS, kisha:

DEBUG
L 100 0 0 1
D 100 2FF

L inapakia: kwenye anwani 100, kutoka draivu 0 ambayo ni A, kuanzia sekta 0, sekta moja. Utaona ule ujumbe wako umekaa humo kwa herufi. Kisha D 2F0, mwishoni mwa mstari wa kwanza utakuta 55 AA, alama ambayo BIOS nyingi huitafuta kabla ya kuikubali sekta.

Saraka kuu ya disketi ya 1.44 inaanzia sekta ya 19: moja ya kubuti, tisa za FAT, tisa za nakala ya FAT. 19 kwa heksa ni 13. Kwa hiyo L 100 0 13 1 halafu D 100. Kila faili lina baiti 32, kumi na moja za mwanzo ni jina, nane na tatu. Ile nukta haihifadhiwi popote, DOS huichora tu inapokuonyesha.

#12 Pumba_na_Mchele
Mtu kaja kuuliza COPY, sasa anasoma heksa. Karibu sana mkuu, huku hakuna mlango wa kutokea.

#13 Bati_na_Waya
Naongeza kisa. Nilikuwa na mashine mbili, moja yenye draivu ya 1.2 MB ya inchi 5.25, nyingine ya 360 KB. Nikachukua disketi ya 360 iliyokwisha kutumika, nikaiandika upya kwenye draivu ya 1.2 kwa FORMAT /4 /S. Kwenye mashine ya kwanza inabuti kama kawaida. Kwenye ya pili haisomeki. Nikabadilisha mafaili, nikabadilisha toleo la DOS, nikaanza kulaumu memori.

Kumbe kichwa cha 1.2 ni chembamba, kimekusudiwa njia 80 (duara za kuandikia), cha 360 ni kipana cha njia 40. Kile chembamba kiliandika mstari mwembamba katikati ya njia, na pembeni yake yakabaki maandishi ya zamani. Kichwa kipana kinasoma vyote viwili kwa pamoja na kupata uji. Kwa hiyo Amri_Mpya, disketi kubuti huku na kugoma kule isikushangaze. Usitazame mafaili tu.

#14 Nukta_Mbili
@Bati_na_Waya kisa kizuri ila hakimhusu. Inchi 3.5 za 720 na 1.44 zote ni njia 80, upana uleule. Balaa lake ni jingine, yule anayeziba lile tundu la pili ili disketi ya 1.44 ijifanye 720.

#15 Bati_na_Waya
Sikusema inamhusu. Nimesema asitazame mafaili tu.

#16 Amri_Mpya
Nimerudi. Nimefanya hiyo ya DEBUG kwenye imeji. Sekta 0 haina neno IO SYS popote, kwa hiyo Sekta_Sifuri uko sahihi. Lakini sekta 19 nako, nafasi ya kwanza siyo IO.SYS. Ni jina nililoipa disketi wakati wa kufomati! Niliiita "DOS YANGU".

#17 Mzee_wa_AUTOEXEC
Ahaa. Lebo nayo huchukua nafasi katika saraka kuu kama faili. Umejifungia mlango kwa jina. Kwa hiyo hata ungekuwa na sekta sahihi, ingekugomea.

#18 Sekta_Sifuri
Ila asingefika huko, maana sekta yenyewe siyo ya DOS.

#19 Mzee_wa_AUTOEXEC
Angefika au asingefika, mlango umefungwa.

#20 Pumba_na_Mchele
Mgonjwa mmoja, vifo viwili.

#21 dada_kibodi
Swali la pembeni. Tukishakubaliana kwamba kila disketi ina sekta ya kubuti hata ile isiyo na mfumo, ndiyo maana virusi vya zamani viliambukiza hata kwa disketi tupu?

#22 Sekta_Sifuri
Ndiyo hasa. Brain ya mwaka 1986 iliyoanzia Lahore ilikaa kwenye sekta ya kubuti. Stoned iliyotokea New Zealand mwaka 1987 hivyohivyo. Unasahau disketi ya data kwenye draivu A, unawasha mashine, inakuandikia Non-System disk, unaitoa, unaendelea na maisha. Kumbe ule wakati wa kuandika ujumbe ndio virusi vilipopita, kwa sababu sekta ilitekelezwa. Watu waliamini disketi isiyo na programu haiwezi kuleta ugonjwa.

#23 KimyaKimya
Na Michelangelo, ile iliyosubiri tarehe 6 Machi. Dawa ya wengi ilikuwa kutowasha mashine siku hiyo, au kusogeza tarehe mbele kwa amri ya DATE siku moja kabla.

#24 Mzee_wa_AUTOEXEC
Dawa halisi ilikuwa disketi safi ya kubuti iliyofungwa isiandikike. Kwenye 3.5 tundu likiwa wazi imefungwa, kwenye 5.25 ni kinyume, unaziba mkato kwa kibandiko. Nimeona watu wazima wakigombana juu ya hilo.

#25 Amri_Mpya
Ripoti. Nimechukua imeji, nikaifuta yote, nikaifomati ndani ya emuleta kwa FORMAT A: /S, nikaweka HIMEM.SYS (msimamizi wa memori ya ziada), EDIT, QBASIC (EDIT haifunguki bila QBASIC.EXE, nimelijua hilo kwa taabu), FDISK na FORMAT. CONFIG.SYS nimeiandika kwa COPY CON nikamalizia na F6, najisikia mtu mzima. Imeji inabuti vizuri kwenye emuleta. Nikaiandika kwenye disketi halisi kwa dd, baiti kwa baiti.

Kwenye 486: Starting MS-DOS... halafu inaganda. Kimya. Taa ya draivu inazimika baada ya sekunde kadhaa. Ctrl+Alt+Del haiitikii.

#26 Nukta_Mbili
Pongezi, umepanda darasa. Maneno hayo yanatoka kwa IO.SYS yenyewe. Ukiyaona, bonyeza F5 haraka, itaruka CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT. Au F8, itakuuliza mstari kwa mstari. Vimekuja na toleo la 6.0.

Mimi nahisi HIMEM. Inaposhika mstari wa A20 (unaofungua memori ya juu ya MB 1) kwenye mashine zenye kidhibiti cha kibodi cha ajabu, inaganda. Jaribu DEVICE=HIMEM.SYS /MACHINE:1, kisha namba nyingine.

#27 Sekta_Sifuri
Siyo HIMEM. HIMEM ya 6.22 inaandika "HIMEM is testing extended memory". Yeye hajauona mstari huo. Ameganda kabla.

#28 Nukta_Mbili
Isipokuwa imeganda wakati wa kulisoma faili la HIMEM kutoka kwenye disketi.

#29 Sekta_Sifuri
Hapo itakuwa ni disketi, siyo HIMEM.

#30 Nukta_Mbili
Faili ni la HIMEM!

#31 Bati_na_Waya
Ungeng'oa waya wa ile diski kuu iliyokufa ujaribu tena. Watu hudhani ukibuti kwa A basi C haihusiki. IO.SYS inazipekua diski kuu zote zilizoandikishwa kwenye BIOS na kusoma meza zao za partisheni (mgawanyo wa diski) kabla hata haijagusa CONFIG.SYS, ili igawe herufi. Diski inayojibu nusunusu inaweza kuikalisha hapo. Na kuna balaa jingine: meza ya partisheni iliyojizunguka, ya mwisho inarudi kuelekeza ya kwanza. DOS za 4 kwenda mbele zinazunguka nayo milele, na disketi ya kubuti haikuokoi maana nayo inaipekua hiyohiyo. F5 nayo haitakusaidia.

#32 KimyaKimya
Narudia: setup. Betri. Kama BIOS bado inadhani kuna diski kuu ya aina fulani, ndiyo hiyo inayopekuliwa. Weka "None".

#33 Mzee_wa_AUTOEXEC
Mimi naona draivu. Sekta ya kubuti iko njia ya 0, IO.SYS iko njia za mwanzo, kichwa hakijasafiri. Kikianza kwenda ndani ndipo kinapotea. Ni vumbi, au mafuta ya reli ya kichwa yameganda kama gundi baada ya kukaa miaka. Fungua, pangusa vichwa kwa spiriti na kijiti cha pamba, kidogokidogo, usikivute kile cha juu. Reli itie mafuta mepesi.

Na draivu mbili zisizolingana vichwa, ile ya USB na ile ya 486, zaweza kuelewana njia za mwanzo na kukosana za mbele.

#34 dada_kibodi
Mzee, kwa hiyo kila mtu hapa ana jibu lake na yote yanaingia akilini. Mwenye uzi afanye nini sasa?

#35 Pumba_na_Mchele
Abonyeze kitufe chochote.

#36 mgeni_wa_CPM
Salaam. Nimepita tu. Nyie mnaojifunza DOS leo, kwa nini msianze na FreeDOS? Jim Hall aliianzisha 1994, toleo 1.0 likatoka 2006, inaendelea kutunzwa, ina leseni huru, na inakaa kwenye disketi au USB. SYS yake haina masharti ya nafasi ya kwanza na ya pili, kerneli, yaani kiini cha mfumo, ni faili moja tu, KERNEL.SYS.

#37 Mzee_wa_AUTOEXEC
Ni nzuri, hata mimi ninayo. Lakini ukijifunza kwa chombo kisicho na masharti, hutajua masharti yalikuwepo. Kijana huyu leo anajua lebo ya disketi inakaa wapi. FreeDOS ingemnyima hilo.

#38 mgeni_wa_CPM
Hilo ni sawa na kusema mtu ajifunze kuogelea kwenye mafuriko. Na tukitaka uasili, DOS yenyewe si asili. Tim Paterson aliiandika 1980 pale Seattle Computer Products ikiitwa QDOS, baadaye 86-DOS, kwa kufuata amri za CP/M, mfumo endeshi wa Gary Kildall uliotangulia. Microsoft wakainunua 1981. Majina ya nane na tatu, herufi A na B za draivu, hata faili lililofutwa kuwekewa E5 kwenye baiti ya kwanza ya nafasi yake katika saraka, yote ni urithi wa CP/M.

#39 Nukta_Mbili
Ndiyo maana UNDELETE inakuuliza herufi ya kwanza ya jina. Imepotea kweli, E5 imekaa juu yake. Nilikuwa nadhani inanipima kama faili ni langu.

#40 dada_kibodi
Na ule mkwaju uliolala kinyumenyume, \, nao wa CP/M? Kila nikitoka Linux naandika vibaya.

#41 mgeni_wa_CPM
Hapana. CP/M haikuwa na folda za ndani.

#42 Sekta_Sifuri
DOS 1 nayo haikuwa na folda. Mkwaju wa kawaida, /, ulishachukuliwa na vidokezo vya amri kama DIR /W. Folda zilipokuja na 2.0 mwaka 1983, pamoja na diski kuu ya PC XT, ukabaki \ peke yake.

#43 Nukta_Mbili
Mimi nilisoma kwamba ni IBM waliong'ang'ania, kwa sababu programu zao za DOS 1 ndizo zilizotumia / kwa vidokezo. Microsoft wao walipenda mtindo wa Unix. Ushahidi ni kwamba kerneli ya DOS inazikubali zote mbili, anayekataa ni COMMAND.COM tu. Na DOS 2 ilikuwa na SWITCHAR kwenye CONFIG.SYS, unabadilisha alama ya vidokezo kuwa kistari.

#44 mgeni_wa_CPM
Mtindo wa / kwa vidokezo ulitoka kwenye mashine za kampuni ya DEC, IBM wameukuta.

#45 Sekta_Sifuri
Hayo matatu hayapingani.

#46 Nukta_Mbili
Yanapingana kuhusu nani alaumiwe.

#47 KimyaKimya
Kwa wanaopenda kuchimba: msimbo wa MS-DOS 1.25 na 2.0 ulitolewa kupitia Computer History Museum mwaka 2014, ukawekwa GitHub 2018 kwa leseni ya MIT. Wa 4.00 ulifuata Aprili 2024. Mnaobishana kuhusu IO.SYS inasoma nini kwanza, someni.

#48 Bati_na_Waya
Wa 4.00 siyo wa 6.22.

#49 KimyaKimya
Nilijua mtu atasema hivyo.

#50 Amri_Mpya
Samahani nilipotea. Nimejaribu yafuatayo, kwa bahati mbaya mengine niliyafanya kwa pamoja:

F5: jana usiku mara moja ilinifikisha kwenye A:\>. Nikaandika VER, nikapiga picha. Asubuhi F5 ileile ikaganda.

Nilifuta CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT kabisa. Mara moja ikaniuliza tarehe na saa, mara mbili ikaganda, mara moja ikasema "Bad or missing Command Interpreter".

Leo nimeng'oa waya wa diski kuu, nikaweka None kwenye setup, nikapangusa vichwa. Imebuti mara sita mfululizo.

#51 Bati_na_Waya
Nilisema mimi. Diski kuu.

#52 Mzee_wa_AUTOEXEC
Kapangusa vichwa. Someni mpaka mwisho.

#53 KimyaKimya
None kwenye setup. Sitaki makuu, nataka tu iandikwe.

#54 Sekta_Sifuri
"Bad or missing Command Interpreter" ni COMMAND.COM imeshindwa kusomeka, au haipo mahali inapotafutwa. Kama lingekuwa la toleo jingine ungepata "Incorrect DOS version". Mafaili hayakubadilika kati ya majaribio, kwa hiyo hapo ni usomaji, namuunga mkono mzee. Ila kuganda na kushindwa kusoma ni vitu viwili. Disketi ikishindwa kusomeka DOS kwa kawaida hulalamika, inakupa Abort, Retry, Fail. Kuganda kimya kunanipeleka kwa Bati.

#55 Pumba_na_Mchele
Tarehe ilikuuliza ikisema ni lini?

#56 Amri_Mpya
Tue 01-01-1980.

#57 Pumba_na_Mchele
Mashine yako inaamini imezaliwa kabla ya DOS. IBM PC yenyewe ilitoka Agosti 1981.

#58 KimyaKimya
BETRI.

#59 dada_kibodi
😂 Leo kapata haki yake.

#60 Nukta_Mbili
Kuanzia hapo 1980 ndiyo DOS inapoanza kuhesabu, haijui mwaka wa nyuma yake. Saa ikikosa akili inaangukia hapo. Kwa hiyo kweli betri imekufa, hilo moja tumelimaliza. Kama ndiyo iliyogandisha ni habari nyingine.

Amri_Mpya, kwa kuwa unaishi kwa draivu moja ya disketi, nikupe la kukusaidia. Programu kubwa ikifungwa DOS itakudai disketi yenye COMMAND.COM, kwa sababu sehemu yake ya juu huachia memori na kufunikwa. Kama utapata HIMEM ikae, weka RAMDRIVE.SYS (draivu ya kujifanya ndani ya memori) ya kama MB 2, kwenye AUTOEXEC nakili COMMAND.COM humo kisha SET COMSPEC ielekee huko. Hutachomeka na kuchomoa tena. Na amri ya COPY A:X B: inafanya kazi hata kama huna B, itakuambia tu ubadilishe disketi.

#61 Amri_Mpya
Asante, nimeijaribu ya B. Ni draivu moja inayojifanya mbili!

Sasa jipya. Ili kumaliza ubishi nimerudisha waya wa diski kuu na kuiandikisha tena kwenye setup. Imebuti mara nne bila kosa.

#62 Mzee_wa_AUTOEXEC
Vichwa.

#63 Bati_na_Waya
Au ulipong'oa na kurudisha umesafisha miguu ya waya. Kutu kwenye pini ni jambo la kawaida kwa umri huo. Hiyo bado ni diski kuu.

#64 Mzee_wa_AUTOEXEC
Bati, wewe ungekuwa wakili.

#65 Amri_Mpya
Ngoja kwanza. Nimetengeneza disketi ya pili, imeji ileile, kwa draivu ileile ya USB. Hii inaganda kwenye Starting MS-DOS, kila mara, hata nikiwa nimeng'oa diski kuu. Nikirudisha ya kwanza, inabuti. Ya pili nikiisoma kwenye laptopu, baiti zote ni sawa na imeji, nimelinganisha.

#66 Sekta_Sifuri
Hiyo ya pili ilikuwa mpya, au ilishatumika kwenye draivu nyingine kabla?

#67 Nukta_Mbili
Na ina yale matundu mawili, au moja?